Pesa ya Soda

Wifi yangu, fundi cherehani, anaishi roho juu. Simu ikilia tu, anajidunga sindano. Friji aliyokopa dukani ilishakufa zamani, lakini wadai hawachoki.

Leo wakili aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno alimwambia, “Muda wa kukushtaki umeshapita. Ila usilipe hata senti. Ukilipa kidogo tu, muda unaanza kuhesabiwa upya.”

Wifi akaja nyumbani mbio kutuonya. Mama yangu akampokea mlangoni, anachekelea.

“Mwanangu, wale wa dukani wamenipigia mimi. Wameomba chochote, hata pesa ya soda, kuonyesha nia njema. Nimeshawatumia. Sasa nani atakuita mwizi?”

Nilitamani kuipasua ile simu ya mama. Wifi akapiga goti.

“Ahsante, mama.”

Simu ikalia.