Kozi Tatu za Tofali

Seremala wetu tulimwita Pimatena. Ubao mmoja aliupima mara tatu, akauchora alama ya penseli, kisha akaupima tena huku sisi tunasubiri na jua linatuchoma. Mimi ni mwashi, nina haraka zangu. Nilimtania kwamba siku ya kuzikwa kwake atatoka kwenye jeneza ahakikishe vipimo. Alicheka kidogo tu, kwa adabu.

Sote tulikuwa tunajitolea. Kila Jumamosi tulikutana kando ya msitu, tukajenga vyumba sita ambamo familia zenye watoto wagonjwa sana zingekuja kupumzika siku chache, mbali na harufu ya dawa. Pimatena hakuwahi kusema kilichomleta, nami sikumuuliza.

Ilipobaki wiki moja familia ya kwanza ifike, kuta zangu zilikuwa zimenyooka na fremu zake zimeshakaa. Nikamkuta katika chumba cha kwanza amelala chali juu ya mbao alizozipandisha kwenye matofali, kimo cha kitanda.

"Umechoka, mzee mwenzangu?"

"Njoo ulale hapa."

"Nina saruji inakauka huko."

"Dakika moja tu, ndugu yangu."

Nikalala. Niliona dari na kipande cha anga. Ule msitu uliotuleta huko sikuona hata jani lake.

"Dirisha liko juu," akasema.

"Liko pale madirisha yanapokaa dunia nzima!" Nilipandwa na hasira, siwezi kuficha. Miaka thelathini nimejengea watu wanaosimama, na hakuna aliyewahi kulalamika. "Unataka nivunje ukuta wiki ya mwisho?"

"Kozi tatu tu za tofali, mistari mitatu ya chini ya dirisha. Vyumba vyote sita. Fremu nitaunda upya mwenyewe."

"Watawekewa mito, waone. Mimi sivunji."

Akainuka, akakaa kitako juu ya zile mbao, akawa anaifuta futi yake ya kupimia kwa kidole gumba.

"Binti yangu alilala miezi saba hospitalini, chini ya dirisha kama hili. Kila asubuhi ananiuliza, baba, nje kuna nini? Nikamwambia kuna mti mkubwa. Kesho yake nikaongeza ndege. Halafu kiota. Nje palikuwa na ukuta wa stoo na mabomba yenye kutu, basi. Siku moja akaniomba nimwinue akione hicho kiota. Nikamwambia daktari amekataa." Akaacha kuifuta futi. "Daktari hakukataa kitu. Mwanangu alikuwa mwepesi, ningemwinua kwa mkono mmoja. Wiki ile ile akaniacha."

Nikaukumbuka utani wangu wa jeneza, nikatamani ardhi inimeze. Mtu ni seremala. Jeneza la binti yake angelipima nani mwingine?

Nikaenda kuchukua nyundo na tindo.

Tulivunja na kuziba wiki nzima, kila mtu akitoka kazini kwake anakuja moja kwa moja. Fremu ya sita ilikaa Ijumaa jioni, plasta bado mbichi.

Jumamosi asubuhi familia ya kwanza ikafika. Baba mtu alimbeba binti yake mikononi, akamlaza kwenye kitanda cha dirishani. Sisi tulikuwa mlangoni, Pimatena anakaza bawaba kwa bisibisi. Yule baba akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kwa sauti ya mtu aliyezoea.

"Nje kuna miti, mama. Mirefu sana. Halafu kuna..."

"Naona, baba," mtoto akasema. "Usinisimulie. Naona mwenyewe."

Bisibisi ikasimama. Pimatena akaniwekea mkononi bila kunitazama, akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba. Nikaingiwa na wasiwasi, nikamfuata.

Nilimkuta kwenye dirisha la chumba cha pili, ambacho bado kilikuwa kitupu. Kwenye plasta ya pembeni ilionekana alama ya pale ukingo wa chini wa dirisha ulipokuwa kabla hatujavunja. Alikuwa ameivuta futi kutoka ukingo mpya hadi kwenye ile alama, na machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

"Sentimita sitini," akasema. "Ningemwinua sentimita sitini tu."

Kisha akapima tena, nami nikasimama pale namsubiri.