Viti Hatukushona

Shangazi yangu hakuanzia kwenye ndege. Alianzia kwenye masanduku ya bati, akimsaidia baba yake, na mpaka leo ukimsikia akigonga bati utadhani anazungumza nalo. Alipofika miaka arobaini na sita akaajiriwa kwenye karakana inayounda ndege ndogo za watu wawili. Kazi yake ni kupiga ribiti, vile vipini vidogo vinavyoshikanisha bati na bati. Bawa moja lina ribiti zaidi ya elfu mbili. Akiona moja imekaa upande, huitoa akaanza upya, hata kama wenzake wameshanawa mikono. Ndiyo maana anaitwa Mama Ribiti, hata na mimi, mtoto wa kaka yake, ninayefunga nyaya kwenye karakana hiyohiyo.

Mafundi tuko saba, sote wanawake. Ndege ya kwanza ilituchukua miaka miwili na nusu. Iliruka vizuri misimu mitatu, kisha mwenye karakana, ambaye ni mhandisi, akaitoa iwekwe kwenye bustani ya mapumziko kando ya ziwa. Tukakubaliana twende Jumamosi moja tukaione, tule, tucheze.

Asubuhi ile tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tulivutana kamba, wa mabawa dhidi ya wa injini, na wa injini wakaburutwa kama magunia. Mpaka rangi wetu, mwenye maringo ya tausi, alipanda mashua ya kukanyaga kwa miguu, akatumbukia majini mzimamzima. Shangazi alivua viatu akakimbia kwenye nyasi. Sikuwahi kumwona akikimbia.

Mchana tukaenda kwenye ndege. Ilikuwa juu ya nguzo fupi, imezungushiwa kamba, na bwana mmoja wa makamo mwenye kipaza sauti alikuwa akiwaeleza wageni. Alisema imeundwa na mhandisi na vijana wake. Kisha, kwa ukarimu, akaongeza kuwa akina mama nao hawakuachwa nyuma: walishona viti na kuwapikia mafundi. Kibao kilichosimama pale nacho kilisema hivyohivyo, ila hakikutaja chakula.

Shangazi alinipa viatu vyake nimshikie, akavuka kamba.

“Samahani, kaka,” alisema. “Viti hatukushona. Viti vilinunuliwa. Sisi tuliunda ndege.”

Yule bwana akatabasamu, akamwomba mama arudi nyuma ya kamba. Shangazi akaweka kiganja juu ya bawa. Akawaambia wageni kuwa bati lile aliligonga wiki aliyomzika mama yake, kwa sababu siku ya majaribio ilikuwa imeshapangwa na hakuna mwingine aliyeweza kuifanya kazi ile.

Meneja wa bustani akaitwa. Alikuwa mstaarabu, lakini jibu lake lilituchoma kuliko kipaza sauti: maneno ya kibao yaliandikwa na ofisi ya karakana yetu wenyewe.

Mpaka rangi, nywele bado zikichuruzika, akamsihi shangazi tuyaache. Tulikuja kufurahi, alisema, tusiharibu siku.

“Nifurahi vipi,” shangazi akamjibu, “nimesimama mbele ya kazi yangu naambiwa nilikuwa jikoni?”

Mpaka rangi akakunja suruali yake iliyolowa, akavuka kamba, na sisi tukamfuata. Mpaka jioni tuliwaeleza watu ndege ile kipande kwa kipande. Mwenye kipaza sauti alikizima, akakaa kwenye benchi akisikiliza.

Jumatatu mhandisi alisema ni kosa la karani, litarekebishwa nafasi ikipatikana. Shangazi akaweka nyundo mezani. Sote tukaweka vifaa chini, na siku tatu karakanani hakukusikika hata mlio wa msumeno. Siku ya nne kibao kipya kikaagizwa.

Kina majina yetu saba, ni kweli. Lakini juu yake kuna picha kubwa ya mhandisi amekunja mikono, na sisi tuko chini kabisa. Shangazi alikwenda kukitazama peke yake, akarudi amenuna.

“Tunasomeka,” alisema, “ukipiga magoti.”

Sasa amemwandikia mhandisi barua. Mimi ndiye niliyemchapia, na sikupunguza makali ya neno hata moja.