Kadi Namba Kumi na Moja

Mimi si mtu wa kukaa. Wenzangu ofisini wananijua: kikao kikizidi nusu saa naanza kupanga chaki, naenda dirishani, narudi, napanga tena chaki zilezile, mpaka mwalimu mkuu ananiambia, "Mwalimu, kaa basi, unatutia kizunguzungu." Na hasira zangu ziko karibu. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba nilichokifanya Ruangwa nilikifanya kwa ushujaa. Nilikifanya kwa sababu nilishindwa kukaa.

Nafundisha darasa la pili katika shule ya kijiji, nje kidogo ya Nachingwea mjini. Mwaka ule walikuja watafiti wa chuo kikuu. Walitaka kushirikiana na shule kadhaa za Nachingwea na Ruangwa, tutafute pamoja namna ya kuwasaidia watoto wanaofika darasa la pili bila kujua kusoma. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mhadhiri, mpole, amevaa raba, kishikwambi mkononi. Akatuambia, "Hatuji kukagua. Tunakuja kujifunza pamoja nanyi." Tukapiga makofi. Hakuna aliyemwamini.

Kwetu mtu akishuka kwenye gari na karatasi mkononi ni mkaguzi, na mkaguzi ni mgeni, na mgeni unamtolea kile kikombe kizuri cha kabatini, siyo hiki kilichomeguka unachonywea kila siku. Shule yetu ina utaratibu wake wa miaka mingi. Habari ya ugeni ikifika, uwanja unafagiliwa, mawe ya njiani yanapakwa chokaa, na paredi mwalimu mkuu anasema kila mtoto aje. Halafu kila mwalimu anawaita pembeni wale wawili watatu wasioweza kitu, anawaambia kesho wapumzike nyumbani. Hatuwachapi, hatuwatukani. Tunawaambia kwa upole, nao wanaenda. Niliukuta utaratibu huo, nikaushika, na miaka yote sikuona ubaya wake.

Mhadhiri aliwachagua watoto kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari langu la mahudhurio. Kila aliyechaguliwa alipewa kadi ya njano yenye namba, ya kuvaa shingoni. Wiki moja baadaye wangerudi kumpima kila mtoto kusoma, peke yake: herufi, silabi, maneno, hadithi fupi. Kadi namba kumi na moja ikamwangukia binti ambaye nisingemchagua hata kwa dawa.

Binti huyo alikuwa akilelewa na bibi yake, ambaye zamani alihamia huku kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na nyumbani kwao lugha ni Kimakua tu. Alikuwa anarudia darasa la pili. Mwandiko wake ulikuwa mzuri ajabu. Alinakili ubaoni herufi moja moja, na ukifungua daftari lake ungesema huyu ndiye wa kwanza darasani. Mwulize sasa herufi hii inaitwaje: anatabasamu, anatazama chini. Mwezi wa kwanza bibi yake alikuja shuleni, akasimama mlangoni, akaniambia kwa Kiswahili chake kidogo, "Miaka mbili, darasa moja. Akirudia tena, basi. Anaenda Narung'ombe kwa mjomba, analea mtoto." Upimaji wa darasa la pili ni mwishoni mwa mwaka. Asipojua kusoma, anarudia. Kwa hiyo nilijua.

Nilijua, na bado siku moja kabla ya watafiti kurudi nilimwita nyuma ya darasa nikamwambia, "Kesho pumzika. Kamsaidie bibi kukung'uta ufuta. Hiyo kadi niachie mimi." Akaivua. Akaizungushia kamba yake vizuri, akanipa kwa mikono miwili.

Kesho yake kadi ile niliivisha shingo ya binti wa darasa la tatu, mwili mdogo, anayesoma kama mtangazaji wa redio. Alikaa mbele ya mhadhiri akamwaga maneno yote, akamaliza hadithi kabla dakika haijaisha. Mhadhiri akanyanyua macho kunitafuta, akatabasamu. Nami nikatabasamu. Nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Tulipofungua shule baada ya likizo ya mwezi wa sita, majibu yakaja. Watoto waliopimwa wakaonekana hawajui kusoma waliundiwa kundi lao: saa nzima kila siku, mwalimu mmoja aliyefundishwa na chuo, vitabu vya picha vya kwenda navyo nyumbani. Nikaisoma orodha nimesimama. Nikairudia. Namba kumi na moja haikuwemo. Ingekuwemo vipi? Kishikwambi kilijua kwamba namba kumi na moja anasoma vizuri kuliko wote.

Nilimfuata mwenzangu anayefundisha kundi lile nikamwomba amchomeke tu. Akasema hawezi, mhadhiri alisisitiza kwamba kundi lisiguswe, vinginevyo hawatajua kama njia yao inafanya kazi au haifanyi. Nikasema sawa, nitamfundisha mwenyewe wakati wa mapumziko. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili, herufi ileile kwa mara ya ishirini, nikapandisha sauti, nikagonga meza. Mtoto akafunga mdomo, akawa hasemi hata lile alilolijua. Nina darasa zima linalonisubiri na roho ya haraka. Sikufaa kwa kazi ile, na kuligundua hilo kuliniuma.

Tangu hapo kila ilipofika saa ya kundi, nilimkuta amesimama nje ya dirisha lao, ameshika nondo, anatazama vitabu. Siku moja nikamwambia aende akacheze. Hakuondoka. Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, kadi yangu anayo nani?"

Nilikwenda chooni nikasimama huko muda mrefu bila haja yoyote. Aliamini kwamba kinachomzuia kuingia ni kadi tu, na hakukosea.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Ni mtu mwema, hajawahi kunivunjia heshima. Nikamweleza yote, nikamwambia tumwambie mhadhiri. Aliyajua, bila shaka, wote tuliyajua. Akavua miwani. "Mwanangu, mimi nastaafu mwakani," akasema. "Unataka niondoke na aibu hii?" Nikamwuliza, na mtoto je? Akasema mtoto Mungu atamsaidia. Nilitoka nikaufunga mlango kwa nguvu, nikarudi kumwomba radhi, nikatoka nikaufunga kwa nguvu tena.

Mwisho wa mwezi ule watafiti walituita Ruangwa, walimu wa shule zote za mradi, watuonyeshe walichokipata mpaka hapo. Tuliondoka alfajiri, mimi na mwalimu mkuu, kwenye gari dogo la kukodi. Njia nzima yeye alitazama barabara. Nami nilifungua dirisha nikalifunga mpaka dereva akaniuliza kama naumwa.

Ukumbini kulikuwa na chai na chapati. Mhadhiri akawasha projekta, na ukutani zikatokea nguzo za rangi, kila shule na nguzo yake. Moja ilizipita zote, ndefu, kama mnazi katikati ya migomba. Ilikuwa yetu. Watu wakageuka kututazama. Mhadhiri akasema amefurahi mno, kwamba mwalimu wa darasa lile yuko hapa, na kwamba anamwomba asimame awaambie wenzake anafanya nini darasani.

Nilishasimama kabla hajamaliza. Nilihisi mkono wa mwalimu mkuu ukishika pindo la kitenge changu, ukalivuta kidogo.

"Mbinu yangu ni nyepesi," nikasema. "Asiyejua kusoma namwambia kesho asije. Kadi yake namvisha anayejua."

Kuna waliocheka, wakidhani natania. Nikaendelea. Nikataja namba kumi na moja, nikaeleza nilivyomvua kadi, nikaeleza dirisha na swali aliloniuliza. Nikasema kama hakuna nafasi ya kumrudisha basi mwaka huu ndio mwisho wake wa shule, na mimi ndiye niliyemtoa. Nilisema kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikabaki nimesimama, sijui nikae au nitoke.

Halafu nyuma kabisa mwalimu mmoja mzee akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi wawili," akasema. Mwingine akasema, "Kwangu mmoja." Mikono ikaendelea kunyooka, shule kwa shule. Mhadhiri alizima projekta. Akavuta kiti, akakaa, akatugeukia.

"Kwa nini?" akauliza. "Niliwaambia siji kukagua."

Sikutegemea kwamba atakayejibu ni mwalimu mkuu wangu. Alinyanyuka, akafunga kifungo cha koti. "Mama, tulikutolea kikombe cha kabatini," akasema. "Ndivyo tunavyompokea mtu. Utusamehe." Akakaa. Nilimpenda mzee yule wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda.

Mhadhiri hakutufokea, na ingekuwa afadhali angefoka. Alisema miezi yake mitatu imepotea na atapima upya, shule zote, watoto walewale, kadi zilezile. Kwetu atakuja Alhamisi ya wiki mbili zijazo. Njiani kurudi mwalimu mkuu alilala, mimi nikatulia kitini mpaka Nachingwea. Dereva alinitazama kwenye kioo mara mbili.

Jumatano paredi, mwalimu mkuu alitangaza, "Kesho tuna wageni. Kila mtoto aje." Sikumwita mtu pembeni. Nilidhani hilo linatosha.

Alhamisi asubuhi kadi namba kumi na moja ilikuwa mkononi mwangu na mwenyewe hayupo. Nikaangalia chooni, kisimani, nyuma ya darasa. Mhadhiri alikwishaanza na namba moja. Nikatoka mbio, mwalimu mtu mzima, kandambili mkononi, mpaka kwa bibi yake.

Nilimkuta uani, yeye na bibi, wanapura mbaazi. Bibi alinyanyuka kunipokea. Nikamwuliza, huku nahema, kwa nini mtoto hakuja shule.

"Leo wageni," bibi akasema, akashangaa naulizaje. "Nyie walimu mlisema. Wageni akija, huyu anakaa nyumbani."

Nikamtazama mtoto. "Si nilisikia paredi?" akasema, kama anayenisaidia kukumbuka. "Kesho kuna wageni. Nikajipumzisha mwenyewe, usipate taabu kuniita."

Nililia pale pale uani, mbele ya bibi, bila aibu. Halafu nikajifuta kwa mtandio, nikachuchumaa, nikamvisha kadi yake. Nikamwambia wageni wamekuja, na wanamtaka yeye. Akauliza, "Nikikosea?" Nikasema, "Kosea." Akanawa vumbi la mbaazi usoni, tukaenda.

Nilisimama nje ya dirisha, nimeshika nondo zilezile. Mhadhiri aliweka karatasi ya herufi mbele yake. Mtoto aliitazama. Dakika nzima. Nilizijua zote alizoulizwa, zilinijaa mdomoni, nikauma ulimi. Alipotoka akanijia moja kwa moja.

"Sikujua hata moja, mwalimu," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Asante."

Wiki iliyofuata ikaja orodha mpya ya kundi la wasiojua kusoma, namba na majina. Sikuibandika ukutani. Nilikuwa nimesimama nayo mlangoni alipokuja kando yangu, akaishusha karatasi kwa mkono mmoja ili aione, akaipitia kutoka juu mpaka chini bila haraka. Kisha akaweka kidole.

"Hili langu," akasema.

Nikainama nikatazama kidole kilipo. Lilikuwa lake.