Alama ya Vema Kwenye Ukuta wa Mama

Mama yangu ndiye aliyeziba nyufa, lakini mimi ndiye niliyempigia simu. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki kwa walimu wenzangu huko Sironga, wote hukimbilia kuilaumu serikali, nami huwaacha waendelee kidogo kabla ya kuwakatiza. Serikali ina lawama zake na nitazifikia. Yangu hii ninaibeba mwenyewe.

Ardhi ilitetemeka asubuhi moja ya masika, kwa muda mfupi kuliko sala ya chakula. Hakufa mtu. Mjini Kisii maghorofa mawili matatu yalipasuka kuta, na kabla ya saa sita mchana yalikuwa yamezungushiwa utepe. Afisa mmoja alisimama na kipaza sauti akatangaza kwamba sheria inampa uwezo wa kumhamisha mtu yeyote na kufunga jengo lolote. Nilikuwa mjini kwa shughuli zangu, nikamsikia kwa masikio yangu. Nilifurahi, nikidhani uwezo mkubwa namna hiyo utapanda kilima na kufika kwetu kesho yake.

Kwetu ni mteremkoni, ukishapita soko la Marani, mahali ambapo gari hukuacha njiani ukamalizia kwa miguu. Huko mtetemeko uliikuta ardhi imeshiba maji. Mistari ya chai ambayo marehemu baba aliinyoosha kwa kamba ilishuka hatua nzima katikati, upande wa chini ukawa haukutani tena na wa juu. Mpasuko huo ulipita kwenye migomba ukaingia nyumbani kwa mama. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na mabati, aliyoijenga baba walipooana. Ufa ulianzia chini ya dirisha ukateremka hadi sakafuni. Nilipotia mkono uliingia hadi kwenye kiwiko.

Tulichuma chai, tukaiacha ichipue, tukachuma tena. Tulichuma mara nne bila kuona mkaguzi. Mjini utepe ulikuwa umeshaondolewa na maduka yalikuwa yakipakwa rangi mpya. Kisha naibu wa chifu akanipigia simu. "Mwalimu, wakaguzi watakuja huko kwenu Jumapili. Ambia watu."

Nilikuwa mlangoni pa darasa, chaki mkononi. Ningeweza kumwambia mama kwamba watu hao wanakuja kutafuta nyumba zilizoharibika, kwa hiyo asiguse kitu. Badala yake nilisema hivi tu: "Mama, Jumapili kuna wageni wa serikali. Jitayarishe."

Mtu wa kwetu akiambiwa kuna mgeni hahitaji maelezo zaidi. Tena sisi ni Wasabato, na Ijumaa ni siku ya maandalizi hata pasipo mgeni. Mama alipitisha habari kwa majirani, na Ijumaa hiyo wanawake wa mteremko mzima waliteremka kijitoni kuchimba udongo. Waliuchanganya na samadi ya ng'ombe, wakaziba kila ufa, wakakandika kuta ndani na nje. Jumamosi wakapumzika na kusali. Jumapili asubuhi nilipofika, nilisimama uani nikazitazama kuta. Nyumba ilikuwa inang'aa. Hata ule ufa uliomeza mkono wangu haukuonekana.

"Mama, umefanya nini?"

"Ulisema wageni."

Hapo hapo mkaguzi akatokea kwenye migomba. Alikuwa kijana mpole, mtu wa kule upande wa ziwa asiyejua lugha yetu, amebeba fomu na makopo mawili ya rangi. Alituelezea mwenyewe. Nyumba ikipigwa alama nyekundu, wenyewe watahamishiwa kiwanja kingine na kupewa mabati. Ikipigwa ya kijani, ni salama, wabaki walipo. Alitazama kuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamgeukia mama.

"Mama, kuna shida yoyote hapa?"

Mama alikuwa ameshika birika. Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni, nacho hukitoa kama anavyotoa vikombe vya wageni. "Hapana, mtoto wangu. Hakuna shida. Mungu ni mwema. Karibu chai."

Kijana akanywa chai, akala ndizi mbili, akashukuru, kisha akachora alama ya kijani karibu na mlango. Ilikuwa alama ya vema kabisa, kama ninazowapa wanafunzi wangu. Nami nilimpokea kikombe. Ningesema nini? Kwetu mtoto hamkanushi mama yake mbele ya mgeni, hata kama mtoto huyo ana mvi zake. Kufikia jioni mteremko wote ulikuwa umefaulu mtihani, na mama akaniuliza kama niliona jinsi mgeni alivyofurahi.

Huwa nawafundisha watoto wa watu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuziba, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekuja kutujengea ukuta.

Mvua iliendelea. Mistari ya chai ikashuka hatua nyingine. Nikaenda ofisini mjini, nikakaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi, na hatimaye nikaonana na mama mmoja mwenye miwani na mafaili.

"Mwalimu, hapa imeandikwa nyumba ni salama."

"Ilikuwa imekandikwa. Nyufa ziko ndani ya udongo."

"Na hapa imeandikwa kwamba mwenye nyumba mwenyewe amesema hakuna shida." Alinigeuzia karatasi nisome. "Sasa mimi nitabishana na mama yako?"

Nilimwambia kwamba mjini hawakumwuliza mwenye ghorofa kama ana shida, walifunga tu. Nilisema kwa sauti ya darasani, watu wa kwenye benchi wakageuka. Alinijibu, bila ubaya, kwamba uwezo wa kufunga anao mkubwa wake, uwezo wa kubadilisha fomu anao mkaguzi, na yeye uwezo wake ni wa kupokea barua. Niliandika barua palepale. Nilikuwa naombea nyumba ya mama yangu alama ya kosa.

Walikubali kurudi Jumatatu moja. Nikaenda nyumbani Alhamisi ya kabla yake kumwambia mama abandue udongo. Aliniangalia kana kwamba nimetukana.

"Unataka nimvue baba yako nguo mbele ya watu?"

Tuligombana. Nilimwambia kwamba kilima hakina adabu na hakitamwonea haya. Akaniambia nimesoma hadi nimesahau nilikotoka, nami nilitoka uani nikilia kwa hasira. Nilikuwa sijafika barabarani mvua ikamwagika. Nyuma yangu nikasikia mlio mzito, kisha makelele. Jiko la jirani, la pili kutoka kwetu, lilikuwa limeteleza likaingia kwenye chai pamoja na mafiga yake. Jirani mwenyewe alikuwa ametoka kuita kuku.

Niliporudi mbio nilimkuta mama mbele ya nyumba yake, ameshika jembe. Alikwangua ukuta wote peke yake, akikataa nimsaidie, vipande vikimwangukia miguuni. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza katika maisha yake asikandike wala kufagia, na siku nzima alikaa kitini akiwa hana la kufanya na mikono yake. Jioni, kabla jua halijatua, alizunguka kwa majirani kuwaambia nao wakwangue.

Jumatatu akaja kijana yuleyule. Alitia mkono kwenye ufa, ukaingia wote.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa mgeni," mama alisema.

Alipiga rangi nyekundu juu ya ile ya kijani, X kubwa. Siku hiyo alizipiga nyumba za upande wa juu tu. Za chini aliambiwa ziko kwenye fomu nyingine, ya ofisi nyingine, na mpaka leo zina alama yake ya vema. Nimeshaandika barua nne.

Mama alihamia kiwanja chake Jumapili iliyofuata. Ijumaa ya kabla ya hapo nilifika kumsaidia kufunga vyombo, nikamkuta na ndoo ya udongo. Alikuwa amekandika sakafu na kuta zote za nyumba ambayo serikali ingekuja kuibomoa. Nilitaka kumkemea, lakini machozi yakanitangulia, maana nilijua kwamba anamvalisha baba. Alikuwa amefika mlangoni. Aliizungushia udongo ile X kwa kidole kimoja, polepole, akiacha kila mstari wake wazi.

"Hapo mbona hupaki?" nikamwuliza.

"Wasije wakapita tena," alisema, "wakaniandikia kijani."