Kitrekta Kilichokataa Kutoa Cheche

Ipo asubuhi moja ya Machi ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, mikono yangu ikiwa na grisi mpaka viwikoni. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la saba, kwa sababu nilitaka kujua redio inaongea vipi na mwalimu alitaka nijue majina ya mito. Tangu hapo nilitangatanga tu: mwezi huu nachomelea vyuma Kondele, mwezi ujao natengeneza pampu za maji Ahero. Popote palipokuwa na kitu kilichoharibika, nilisimama nikauliza kina nini ndani. Ukiniona leo nasimamisha watu njiani kuwauliza mambo, ujue ugonjwa huo ni wa zamani.

Asubuhi hiyo nilikuwa kwa mama mmoja mjane karibu na ziwa, upande wa Dunga. Watu wa boma walimwita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, maana huko ndiko alikozaliwa. Mumewe, karani mstaafu, alikuwa amemwachia kitrekta cha bustani, kile cha kukalia, ambacho kimo chake hakimfikii ng'ombe. Kwa hicho mzee alilima shamba lote la vitunguu hadi kwenye matete. Lakini tangu azikwe, hakikuwaka hata mara moja. Ukizungusha ufunguo injini ilizunguka vizuri, ila haikushika. Majirani wakaanza kusema mzee ameondoka na moto wake.

Maneno hayo yalinifurahisha. Nilitaka kujua huo moto uko wapi.

Nilimwaga petroli ya zamani, nikaweka mpya. Nikafungua plagi, kile kidude kinachotoa cheche ndani ya injini, nikaisugua, nikaichomeka kwenye waya wake na kugusisha chuma chake na mwili wa injini. Nyar Seme akasimama kando, akainama, akakandamiza pedali ya breki kwa mkono mmoja na kuzungusha ufunguo kwa mwingine. Mimi nikajifunika gunia kichwani, maana cheche haionekani vizuri juani. Giza tupu. Nikajaribu plagi mpya. Giza. Nikakimbia hadi soko la Kibuye, nikarudi na koili ya mtumba, kifaa kinachoipelekea plagi umeme, inayofanana na ile ya zamani, nikaifunga karibu na gurudumu la injini, nikiacha nafasi ya unene wa kadi ya harusi kama nilivyofundishwa. Giza lile lile.

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Shemeji yake, Bwana Odhiambo, alipita akauliza kuna nini. Nami badala ya kusema sijui, nikasema kwa sauti ya fundi mkubwa, "Hii imekufa kabisa. Hata koili nyingine imekataa."

"Si nilisema?" Odhiambo akamgeukia mama. "Nyar Seme, unafuga maiti! Wale watu wa vyuma chakavu wako hapo barabarani. Acha niwaite wakibebe."

Akaenda. Mama alikuwa akitazama miche yake ya vitunguu, ambayo ilikuwa imeshapita wakati wa kupandikizwa. Kwa jembe la mkono angelima kipande kidogo tu, na Odhiambo alikuwa amesema wazi kwamba sehemu itakayobaki pori ataichukua yeye. Neno langu moja lilikuwa limemnyang'anya shamba.

"Fundi," akaniita, "kuja hapa. Tangu asubuhi unaongea na hiyo chuma. Umeiuliza maswali mpaka nikaionea huruma. Mimi nimeishi na hiyo kitu miaka kumi na moja. Umeniuliza nini?"

Nikafuta mikono kwenye gunia.

"Ama mimi ni wa kushika ufunguo tu?"

Nikakaa chini kwenye nyasi. Nikauliza swali la kwanza lililonijia. "Mama, mzee alikuwa anakizima vipi?"

Akacheka. "Kuzima? Hakuwa anazima. Akishuka tu, inanyamaza yenyewe. Nilikuwa namwambia hiyo kitu iko na wivu kunishinda."

Mwanangu, nywele zilinisimama. Nilirudi kwenye koili, nikachomoa waya mwembamba, ule wa kuzimia injini. "Zungusha, mama!" Chini ya gunia langu cheche ikaruka, ya buluu, ikilia ta-ta-ta. Nikaurudisha waya. Giza. Basi koili haikuwa na kosa. Niliufuata waya ule kwa kidole, ukapita chini ya chuma, nyuma ya tangi, ukaingia chini ya kiti.

Juu ya kiti kulikuwa na kofia ya mzee, pale pale alipoiacha.

Chini ya kiti kulikuwa na swichi. Kiti kikikosa uzito wa mtu, swichi inakata cheche, ili mashine isikimbie yenyewe dereva akianguka. Na katika boma lile kiti cha mwenye nyumba aliyefariki hakikaliwi ovyo. Wanawe, majirani, na mafundi wawili walionitangulia, wote walijaribu kukiwasha wakiwa wamesimama kando. Nami pia. Hakuna aliyetukataza. Tulijua tu.

Nikamweleza. Nikamwambia naweza kuweka jiwe zito.

"Jiwe likae kwa kiti cha mume wangu?"

Nilikuwa nimemaliza kurudisha plagi Odhiambo alipoingia na watu wawili wenye mkokoteni. Nyar Seme aliichukua ile kofia, akaivaa, akapanda.

"Nyar Seme! Hicho ni kiti cha ndugu yangu!"

"Ndugu yako alikuwa analima akiwa amekaa, shemeji. Na mimi nitalima nimekaa."

Akazungusha ufunguo. Kitrekta kikapiga chafya, kikatoa moshi mweusi, kikanguruma. Mmoja wa wale wa mkokoteni akampiga Odhiambo begani. "Mzee, maiti yako imeamka!"

Alilima hadi kwenye matete. Alipomaliza alishuka, na injini ikanyamaza yenyewe. Akaweka mkono juu ya bamba la injini, lililokuwa bado la moto.

Sasa nikuambie, mwanangu. Kabla hujasema kitu kimekufa, sema hujui, kwa sauti, mbele za watu. Halafu mtafute aliyeishi nacho, umuulize kilivyokuwa kikifanya siku kilipokuwa kizima. Mimi nilikuwa na maswali elfu kwa chuma na sikuwa na hata moja kwa mama aliyesimama kando yangu. Endelea kudadisi, usiache. Ila udadisi wako uwafikie watu pia, hasa wale uliodhani kazi yao ni kushika ufunguo.

Mungu akupe masikio marefu kuliko mikono yako, akulinde kila unapopanda na kila unaposhuka.