Wiki Mbili Binti Yangu Alipokuwa Mslovenia

Kompyuta aliinunua mume wangu kule Braamfontein, kwa mhadhiri mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Aliileta nyumbani imefungwa kwenye taulo, akailaza mezani kama mtoto mchanga.

"Mali ya Ulaya hii," akasema.

Nikaiwasha. Haikuwa na neno hata moja la Kiingereza. Nikamuuliza kama aliijaribu kabla ya kuichukua. Akasema aliiwasha, taa ikawaka, akaridhika. Huyu mtu kazi yake ni ulinzi wa duka. Kila mfuko unaotoka mlangoni anaukagua mpaka chini.

Nilikuwa naitaka kompyuta kwa jambo moja tu. Binti yetu alikuwa anaingia darasa la kwanza, na huku ugenini maombi ya shule yanatumwa kwa mtandao. Ukichelewa, mtoto anapelekwa popote penye nafasi, hata kama ni taksi mbili kwenda na mbili kurudi. Mimi nasuka nywele mtaa wa Yeoville tangu asubuhi, hizo taksi mbili nampeleka saa ngapi? Shule niliyoitaka, ukivuka robot, zile taa za barabarani za pale saluni, umeshafika. Simu yangu ilikuwa imepasuka kioo pale pale panapotokea kitufe cha kutuma. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nikaibeba saluni. Mwenzangu ninayegawana naye kioo, mama mmoja wa Bukavu, akaikodolea macho.

"Hii ni Kirusi."

"Kirusi kina herufi zake, mama."

"Basi ni Kirusi ya maskini."

Mume wangu akakumbuka kwenye simu kwamba yule mhadhiri alisema anarudi Slovenia. Ndivyo nilivyojua kuna Kislovenia duniani. Fomu yenyewe ya shule ilikuwa ya Kiingereza, sawa, lakini kila nilipotaka kuambatisha cheti cha kuzaliwa, kompyuta ilinitolea vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa "Prekliči". Nikaona kliki imo humo ndani, nikabonyeza. Cheti kikatoweka. Nikabonyeza mara nne, mara nne kikatoweka. Baadaye nilikuja kujua maana yake ni "ghairi".

Alhamisi nikapekua mpaka nikaifikia orodha ya lugha, na kila lugha imeandikwa kwa jina lake yenyewe. Nikashuka, nikashuka, nikaiona: Kiswahili.

Hapa lazima niseme ukweli wangu. Mimi ni wa Tanga, na kidato cha nne Kiswahili nilipata B. Miaka mitatu nilikuwa namsahihisha yule mama wa Bukavu kila akifungua mdomo, hata mbele ya wateja. Kwa hiyo siku hiyo niliigeuza kompyuta ili aione vizuri.

"Sasa utasoma Kiswahili chenyewe," nikamwambia.

Nikachagua. Kompyuta ikafikiri, ikazima, ikawaka. Ikaniandikia "Ufikivu". Ikaniandikia "Kivinjari chaguomsingi". Nikayatazama yale maneno kama ninavyomtazama mtu aliyenisalimia njiani na simkumbuki.

"Ufikivu ni nini?" akauliza mama wa Bukavu.

"Ngoja, nasoma."

"Uko unasoma tangu saa nne. Weye si njo mwalimu? Tufasirie."

Pakatokea kisanduku: "Sakinisha masasisho sasa?" Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nikasema, "Hii rahisi," nikabonyeza ndiyo, kumbe nimeiruhusu ijifanyie marekebisho yake yote. Skrini ikawa buluu, kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka nikisuka kichwa cha kwanza, kikazunguka nikisuka cha pili. Mama wa Bukavu alikuwa anaimba wimbo wa kanisani polepole, na mimi najua kabisa kwa nini alichagua ule wa kuwaombea waliopotea. Alhamisi yote ikaisha hivyo.

Ijumaa asubuhi nilifika nimenuna. Kiduara kilikuwa kimeisha, lakini maneno ni yale yale. Nilikuwa nimeshahesabu zile taksi. Mama wa Bukavu akaweka chini kitana chake.

"Mteja akileta picha ya mtindo, jina yake hatujui, tunafanya nini?"

"Tunaibandika kwenye kioo, tunaiga."

"Eeh. Sasa weye unalia nini?"

Akatoka, akaenda kwa fundi cherehani wa mlango wa pili, akarudi na kompyuta yake. Ile ilikuwa ya Kiingereza, lakini haikuwa na mtandao, ilijaa picha za suti tu, na fundi mwenyewe alikuja nyuma yake na futi shingoni kuilinda. Tukaziweka mbili sambamba chini ya kioo. Yeye akaangalia ya fundi, mimi nikafuata kwenye yangu, kama tunavyopasua mistari kichwani.

"Shuka mistari tatu. Kushoto. Hapo. Sasa ile ya pili, ya kando."

Dakika ishirini, ikaongea Kiingereza. Saa tisa alasiri fomu ikaenda. Kisanduku cha mwisho, cha lugha ya nyumbani, kilikuwa kimeshajijaza chenyewe tangu ile Jumatano. Sikukisoma. Nani angekisoma?

Wiki mbili baadaye karani wa shule akanipigia. Mtoto amepata nafasi. Nikashukuru. Akaongeza kwamba mkuu wa shule ana hamu sana ya kumwona, kwa kuwa hawajawahi kupata mtoto anayezungumza Kislovenia.

Nilijua wanaodanganya kwenye fomu wananyang'anywa nafasi. Mume wangu akashauri tumfundishe mtoto salamu moja ya Kislovenia. Nikamwambia akailinde mifuko yake.

Tukaenda. Karani akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akaitazama karatasi. Nikamweleza yote, kuanzia taulo. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Eish, mama," akasema, akanipa kalamu nirekebishe.

Nikakata, nikaandika Kiswahili, kwa herufi kubwa. Karani akamwinamia binti yangu, akamwomba aseme kitu kwa Kiswahili.

Binti yangu akanitazama. "Angisazi," akamjibu kwa Kizulu, yaani hakijui.

Pale mezani nilitamani wangekuwa wameacha Kislovenia.

"Nafasi bado ni yake?" nikauliza.

"Ni yake. Lakini hii lugha, mama, mtafutie mwalimu."

Siku hizi akitoka shule anavuka robot na mwenzake mkubwa, anakaa saluni mpaka nifunge. Juzi jioni tumefika nyumbani, akavua viatu, akasema vizuri kabisa, bila kuulizwa, "Mama, chakula iko wapi?"

Ya Bukavu tupu. Nikang'ata ulimi, nikampakulia.