Kazi ya Mkono wa Kulia

Enzi za Mwingereza, asubuhi moja ya msimu wa kahawa, mama aliamka akakuta upande wake wa kulia umepooza. Baba alimpeleka hospitali ya mjini Arusha kwa gari la jirani. Mama aliporudi nyumbani kwetu, huku juu Meru, mkono ulikuwa unaning'inia tu, na mimi, binti yao mkubwa, nikawa namlisha.

Nesi alikuwa amemwambia baba, "Ubongo ukiumia unaweza kujifunza upya, kama wa mtoto. Lakini mkono usipopewa kazi, ubongo utausahau."

Baba alilishika neno hilo. Kila asubuhi alimfunga mama mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga, akamwekea ungo wa kahawa achambue kwa mkono wa kulia. Punje zilimponyoka, kuku wakazikimbilia. Mama alilia kwa hasira.

"Baba watoto, nifungue!"

"Kwanza niwekee punje moja kiganjani."

Siku moja baba alipoinama kumfunga, uvumilivu ulimwishia mama. Mkono wa kulia ulinyanyuka, ukamkamata ukosi wa shati, ukamvuta. Baba hakujitoa.

"Umenishika," alisema taratibu.

Mama akautazama mkono wake, kisha akaangua kicheko. Tulicheka sote mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Vidole vya mama havikunyooka sawasawa. Hata hivyo, msimu uliofuata alichuma kahawa pamoja nasi, polepole, na jioni alikula kwa mkono wake mwenyewe.